Asha, Aisha, Aysha au Ayesha: jina ni moja, sasa uandike vipi?

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia meseji, "dada we ndo mtu wa majina, akiwa wa kike tumekubaliana ni Aisha, sa naandikaje?" Nikacheka, manake si ameshaliandika hapo hapo? Kumbe nyumbani kwao kuna mvutano, mume anataka Aysha na Y, mama mkwe anasema jina ni Asha na hayo mengine ni mbwembwe, yeye mwenyewe kaikuta Ayesha mtandaoni imemkaa moyoni. Nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja, najua hajamaliza kuisikiliza, kwa iyo naandika hapa na wengine wenye fomu mkononi mjisomee.

Kwanza tuelewane, hayo yote ni jina moja limepita midomo tofauti. Asili yake Kiarabu, linaanza na ile aini ya kooni, alafu alif, hamza (ule mkato mdogo wa sauti), shini na ile te marbuta ya mwisho ambayo ukitulia nayo inasikika a tu. Maana yake mwenye kuishi, aliye hai. Na hapa pananifurahisha kila nikipafikiria, maneno yetu kuishi na maisha yametoka kwenye mzizi huo huo, yani ukisema "Aisha anaishi maisha yake" umetamka mzizi mmoja mara tatu bila kujua. Uzito wa jina unatoka kwa Bi Aisha binti Abu Bakr, mke wa Mtume, mama wa waumini, ambaye hadithi zilizopokewa kutoka kwake zinapita 2,000, kwa iyo watu wengi wanaolichagua hawachagui sauti nzuri tu, wanamchagua yeye, mwanamke msomi aliyekuwa akiulizwa na akijibu. (Familia za Kishia mara nyingi hawaliiti jina hili kwa sababu za historia, sa kama mkwe ni wa upande huo ongeeni mapema, msije kugundua siku ya akika.)

Tatizo la spelingi linaanzia kwenye aini na hamza. Herufi za Kilatini hazina, kwa iyo kila watu wamejitafutia njia yao, na ndo maana ukiona jina limeandikwa vipi mara nyingi unajua limetokea wapi kabla hata hujamwona mwenyewe.

ASHA NA AISHA, HAPA NDO KWENYE KAZI

Nianze na Asha kwa sababu ndo anaonewa. Nimesikia watu wakisema Asha ni Aisha iliyokosewa, eti wazee walikuwa hawajui kuandika. Hapana bwana. Kiswahili kikipokea jina kinalilainisha, Khadija kwetu akawa Hadija, Fatima akawa Fatuma, Zainab akawa Zainabu na akizoeleka zaidi anakuwa Zena, Maryam akawa Mariamu. Hakuna anayesema Fatuma ni kosa. Asha ni kazi ile ile, ile hamza ya katikati imeachwa pamoja na i yake, a imekutana na sha, limebaki jina la silabi mbili linalotoka mdomoni mara moja. Hata Waarabu wenyewe wakiongea nyumbani wengi hawahangaiki na ile hamza, wanalikata fupi vile vile.

Kwa iyo Asha ndo Aisha ya Kiswahili. Ukimwita mtoto Asha umempa jina la Kiislamu na la Kiswahili kwa pamoja.

Sasa linavyosikika. Asha linasikika la shangazi, la bibi, la mama mwenye khanga mbili na sauti ya kuamuru, na silisemi kwa ubaya, bibi yangu mzaa mama alikuwa Asha na hakuna mtu mtaani aliyethubutu kumpita bila salamu. Aisha linasikika la darasani, la kwenye cheti, la binti wa siku hizi. Angalia hata watu maarufu, mwanamama aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 mpaka 2012 ni Asha-Rose Migiro, kazaliwa 1956, alafu njoo kwa mchezaji wetu wa mpira aliyesajiliwa Brighton kule Uingereza mwaka 2024, huyo ni Aisha Masaka. Mifano miwili sio ushahidi najua, Asha wadogo wapo na Aisha wazee wapo, ila kaa na orodha ya wanafunzi wa darasa la kwanza alafu kaa na orodha ya wanachama wa kikoba cha kina mama, utanielewa.

Hilo la Asha-Rose lina jambo lingine, Asha linakaa na majina mengine bila kugombana nayo. Ni fupi, ni jepesi, linavuka dini kirahisi kuliko Aisha. Aisha mtu akilisikia anajua moja kwa moja huyu ni Mwislamu, Asha mtu anaweza asiwe na uhakika. Kwa mwingine hiyo ni faida, kwa mwingine ndo hasara yenyewe, anataka dini isikike kwenye jina. Ujijue wewe ni yupi.

Alafu Asha lina pacha ambaye hawana undugu. Kwa Wahindi kuna Asha linatokana na Kisanskriti, maana yake tumaini, ndo la yule mwimbaji Asha Bhosle. Halihusiani na aini wala na Bi Aisha hata kidogo, zimekutana njiani tu. Kwa iyo Asha wa Kihindu na Asha wa Kiislamu wanaweza kukaa dawati moja, jina moja herufi kwa herufi, mmoja ni uhai mwingine ni tumaini. Mi naona ni bahati, umelipia moja umepewa mbili. (Ila usijichanganye na Nirasha, hilo kwa Kihindi ni kukata tamaa.) Kuna na wanaodhani Asha ni kifupi cha Ashura, hapana, Ashura linatokana na siku ya kumi ya Muharram, hilo ni jina lake kivyake, ingawa kina Ashura wengi wanaitwa Asha nyumbani na wameshazoea.

Kwenye kutamka sasa. Aisha kwa Kiswahili ni silabi tatu, a-i-sha, mkazo unakaa kwenye i kama kawaida yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Asha mkazo unakaa kwenye a ya kwanza. Unaona ni kitu kidogo lakini simama uani umwite mtoto aliye mbali anacheza, "Ashaaa!" linaruka lenyewe, "Aiiisha!" unalivuta kwanza ndo liende. Jaribu kabla hujaandika, sio utani, jina la mtoto utalipiga kelele mara elfu kwa mwezi. Na utani wa shuleni upo kote, Aisha ataambiwa "Aisha, chakula kimeisha", Asha ataambiwa "Asha, washa taa". Ngoma droo.

Kwangu mimi Asha anashinda, nimeshasema. Lakini kuna kigezo kimoja ambacho naona kina maana kuliko hata ladha yangu, angalia ndugu zake. Kama nyumbani tayari kuna Hadija na Fatuma, huyu akiwa Asha wanakaa kwenye mstari mmoja, wote wamepita kwenye Kiswahili. Kama kuna Khadija na Fatma na Maryam, Asha atakuwa kama mtoto wa kuasili, mwandike Aisha. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu ni Khadija na kh, unaona mambo yanavyoniendea vibaya.

ILE Y

Tuje kwa Aysha na Ayesha, nitajitahidi nisiwe mkali.

Aysha haijatungwa na watu wa mitandaoni kama nilivyodhani mwanzo. Ni ile namna ya Waarabu ya kulitamka kwa haraka, silabi mbili, na ukiiandika kwa herufi zetu y inaingia yenyewe. Kwa iyo shemeji hajakosea. Shida ni kwamba sisi tunasoma Kiswahili, na Kiswahili hakina y inayosimama bila vokali mbele yake, ukimpa mtu "Aysha" jicho linakwama nusu sekunde alafu mdomo unasema Aisha. Matokeo ni yale yale, isipokuwa mtoto atasema maisha yake yote "ni na Y, hapana, sio I, Y". Kila kaunta, kila fomu, kila mtu anayemtumia hela kwa simu akashangaa jina limetokea tofauti. Kama unaipenda y kwa sura yake iweke, sura nayo ni sababu, ila ujue unamlipisha mtoto muda.

Ayesha ni nyingine kabisa. Hiyo ndo spelingi ya Bara Hindi, Pakistan, India, Bangladesh, na Waislamu wenye asili ya huko wanaoishi kwetu wanaitumia toka zamani. Kwao ni sahihi kabisa na ina historia. Ila kwetu ukiisoma kama ilivyoandikwa inakuwa a-YE-sha, sauti imebadilika, mkazo umehamia kwenye ye, umepata jina ambalo mama mkwe hawezi kulitamka bila kukunja uso. Ukimwandika Ayesha alafu nyumbani mnamwita Aisha, basi mnajisumbua bure. Ukimwandika Ayesha na mkamwita Ayesha kweli, hiyo ni sawa, lakini watu watauliza baba ni Mhindi? Nawaambia wataulizwa. Mdogo wangu kaipenda kwa sababu ya mwanadada mmoja anayefuatilia mapishi yake, sasa hiyo sababu sijui kama itafika miaka kumi.

Kuna na Aishah yenye h mwishoni, hiyo h ni ile te marbuta inaonyeshwa, wanaipenda waliosoma dini sana na wanaotaka ifanane na vitabu. Haibadilishi sauti. Na Aaishah, a mbili za mwanzo kuonyesha mvuto wa alif. Ni karibu zaidi na Kiarabu kuliko zote na ndo hiyo hiyo itakayokosewa kuliko zote, sina la kuongeza.

ZA PWANI, AMBAZO WATU WANAZISAHAU

Hapa sasa ningekaa mpaka asubuhi. Esha na Eshe. Kiswahili kina tabia ya kuifanya ai ya Kiarabu kuwa e, khair imekuwa heri, bait ya shairi imekuwa beti, Laila anaitwa Lela. Kwa tabia hiyo hiyo Aisha anakuwa Esha, na Lamu na Mombasa utamkuta Esha aliyeandikwa hivyo hivyo kwenye kitambulisho. Ni zuri mno na halijachoka, na kwa ajabu ya dunia saiti za majina za Wamarekani zimelichukua Eshe zimeandika "Kiswahili, maana yake maisha". Nusu kweli hiyo. Ukimwambia Mswahili "eshe" hataelewa unamaanisha maisha, atauliza Eshe yupi, wa kwa nani. Na Asha nalo wanaliandika hivyo hivyo. Maana ipo ila imekaa kwenye Kiarabu chake, sio neno letu la kawaida la uhai.

Alafu lipo Mwanaisha, na Mwanaasha, na Mwanaesha. Hiyo Mwana ya mbele sio mtoto, ni heshima ya mwanamke wa Pwani, ile ile ya Mwana Kupona, mshairi wa karne ya 19 wa upande wa Lamu, na ya Mwana Mkisi wa masimulizi ya asili ya Mombasa. Yani umempa mtoto jina na cheo kabla hajaota jino. Kama babake ni mtu wa Pwani na unataka jina lionyeshe kwao bila kuuliza, hakuna linaloshinda hili. Ubaya wake ni urefu, na ukiwa bara watu wataligawa vipande viwili, Mwana litawekwa kwenye nafasi ya jina la kwanza na Aisha la kati, alafu babu anakosa nafasi. Liandike neno moja.

Na Caasha. Ukikutana nalo usisome "kaasha". Hilo ni Kisomali, walipochagua herufi za Kilatini mwaka 1972 waliamua C iwe aini na X iwe ile ha nzito, ndo maana kuna Cali na Cumar na Xasan. Kwa maoni yangu wao wameipa aini herufi yake ya heshima badala ya kuifichaficha. Kama upande mmoja ni Wasomali, Caasha na Aisha wanaweza kubishaniwa sana, na hapo sitii mguu.

Kwa faida tu, mkisafiri mtamkuta mwenzenu kila mahali. Uturuki ni Ayşe, na hiyo ş yenye mkia ilikuja walipohamia herufi za Kilatini 1928, mwaka ule ule ambao mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja ndo kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ni bahati tu lakini napenda kuzipanga pamoja. Indonesia ni Aisyah, sy ndo sh yao. Nchi zilizotawaliwa na Ufaransa ni Aïcha, kwa sababu Mfaransa sh anaiandika ch. Senegal na Guinea kuna Aïssatou, na Wahausa wana Aishatu, hiyo tu ya mwisho ni mwisho wa Kiarabu cha kitabuni umebaki umeganda, kama kwenye Fatoumata. Hispania Aixa, ndo wanavyomwita mama wa sultani wa mwisho wa Granada, mji ulioanguka 1492. Wamarekani Weusi wana Iesha, na huko jina liliongezewa umaarufu Stevie Wonder alipomwita hivyo binti yake aliyezaliwa 1975, yeye kaandika Aisha kama sisi.

MAMBO YA MAKARATASI

Hii ndo sehemu isiyo na mapenzi ila ndo itakuuma. Pasipoti ina ile mistari miwili ya chini yenye alama za mishale, inasomwa na mashine, na pale zinakubalika herufi A mpaka Z peke yake. Koma ya juu inaondolewa, nukta za juu zinaondolewa. Kwa iyo A'isha atatoka AISHA, Aïcha atatoka AICHA, Ayşe atatoka AYSE. Kama ulikuwa unawaza kuweka ile alama ya hamza kwenye cheti ili jina liwe sahihi kabisa, umejisumbua, mashine itaifuta na wewe utabaki na karatasi mbili zisizofanana. Tiketi ya ndege nayo inatakiwa ifuate pasipoti, sio ifuate mapenzi ya baba.

Mimi mwenyewe nimeliona hili kwa binamu yangu. Cheti cha kuzaliwa Aisha, shule ya msingi mwalimu kamwandika Asha kwa sababu ndo alivyokuwa anaitwa, mtihani wa mwisho ukatoka Asha, na hakuna aliyejali mpaka alipoomba chuo. Hapo ndo kaanza kutembea na hati ya kiapo ya wakili kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja, kila anapoenda anaitoa kwenye bahasha. Hakukuwa na mtu mbaya kwenye hadithi hiyo, ni herufi moja. Na hilo ndo hatari hasa ya Asha na Aisha kuliko hizo za Y, Ayesha kila mtu anauliza inaandikwaje, ila Asha na Aisha kila mtu anadhani anajua.

Kwa iyo kama nyumbani mtamwita Asha, mwandikeni Asha. Kama mnataka cheti kiwe Aisha basi mwiteni Aisha hata na bibi, na kama bibi hakubali, na hatakubali, basi siku ya kuandikishwa shule aende mzazi mwenyewe na cheti, asitumwe kaka. Kwa mdogo wangu nimemwambia hivi, kwa sababu ya Khadija wa kwanza andika Aisha, I ya kawaida, hakuna Y, mama mkwe ataendelea na Asha yake na hakuna wa kumzuia, Esha liweke akiba kwa mtoto anayefuata kama utapata moyo wa kushindana na ukoo wa mumeo.

Na ukikabidhiwa cheti usikikunje ukatia mkobani. Soma herufi kwa herufi kwa kidole ukiwa bado dirishani, jina lake, la babake, la babu, tarehe. Wakiwa wamekuandikia Aisah kirudishe hapo hapo, foleni ya nyuma yako wasubiri.